Sikukuu ya Tarehe 14 Julai katika Mji wa Paris

1. Msafiri afikaye Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 14 Julai, hukuta maduka mengi yamefungwa, na bendera za buluu, nyeupe na nyekundu zimetundikwa. Hapana budi aulize: Watu hawa wakumbuka nini? Maana mgeni asiyejua asili ya sikukuu huona vumbi la ngoma tu.

2. Asubuhi watu husongamana kando ya njia pana iitwayo Champs-Élysées, ambayo kwa desturi ndiyo njia ya gwaride. Askari wa miguu na wa farasi hupita kwa safu, na juu yao eropleni huacha moshi wa rangi tatu za bendera. Gwaride likiisha, msafiri wetu avuka mto Seine kwa daraja la mawe la Concorde, kisha aenda mashariki ya mji kuitazama ngome ya Bastille.

3. Akifika, haoni ngome. Aona uwanja na mnara mrefu wa shaba, nao ni ukumbusho wa watu waliokufa katika maasi mengine, ya mwaka 1830. Bastille ilikuwa gereza la mfalme; mtu aliweza kutiwa humo kwa barua ya mfalme, pasipo kuhukumiwa. Tarehe 14 Julai 1789 watu wa mji waliishambulia wakitaka baruti, na karibu watu 100 wao waliuawa. Walipoingia walikuta wafungwa 7 tu. Lakini wafungwa wakiwa wachache, dhuluma haipungui. Ngome ikabomolewa, na baadhi ya mawe yake yakajengewa daraja lile lile alilovuka msafiri. Mawe yaliyowafungia watu, sasa yawavusha.

4. Mwaka 1880 sheria iliifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa. Usiku watu hucheza, na fataki hurushwa penye mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, miaka 100 baada ya Bastille kuanguka.

5. Lakini uhuru ule haukuwafikia wote. Katika makoloni ya Ufaransa Waafrika wengi walikuwa watumwa. Sheria ya mwaka 1794 iliukataza utumwa. Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Haukukomeshwa kabisa hata mwaka 1848. Basi, taifa lishangiliapo haki yake, na likumbuke wale ambao bado hawajaipata. Nawe ukialikwa katika sikukuu ya watu, uliza yaliyopatikana, uliza na yaliyosalia.

MASWALI

1. Kwa nini watu waliichukia Bastille, ijapokuwa wafungwa wake walikuwa 7 tu?
2. Mawe ya ngome yalitumiwaje?
3. Tangu Bastille kuanguka hata utumwa kukomeshwa kabisa, ilipita miaka mingapi?