Mzee Anaondoka na Ramani Kichwani

Mshauri,

Ninaishi mtaa wa Mulongwe, hapa Uvira, Kongo, nina miaka 29. Kwa miaka sita nimekuwa kibarua wa siku katika kampuni ya umeme, bila mkataba. Mzee anayetuongoza ana miaka 34 kazini. Yeye peke yake ndiye anayejua kebo za chini ya ardhi zinapita wapi na kabine gani ya transfoma inalisha mtaa gani. Michoro ya zamani haionekani tena. Baada ya miezi mitatu anakwenda retreti, yaani anastaafu, na hesabu yake ya mwisho ya malipo hajaonyeshwa. Nikimwomba anifundishe, anajibu kwamba wakishamlipa ndipo atasema. Wenzangu wanataka nimfuate kwa siri nipige picha kwa simu. Mke wangu anasema tuhamie Goma, nitafute kazi kwa watu binafsi. Nifanye nini?

Kibarua wa Mulongwe

Mdogo wangu,

Simu iache mfukoni. Kwa siri utapata picha ya kabine, lakini sababu hutaipata. Picha haitakueleza kwa nini swichi hii isifungwe kabla ya ile, wala kebo gani iliungwa kwa haraka baada ya mto Mulongwe kufurika Aprili 2020. Na siku atakapogundua, hutakuwa tena mtoto wake wa kazi.

Usimhesabu kuwa mchoyo. Amewaona wenzake wakitoka mikono mitupu, naye amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho wakubwa hawawezi kukichukua bila yeye. Simlaumu. Ninaowalaumu ni wanaodhani kuchelewesha haki ya mzee ni kubana matumizi. Mzee asiyelipwa haondoki umri wake ukifika, kijana haipati nafasi yake, halafu siku moja wanatoka wote kwa pamoja. Afrika Kusini imepitia shida ya namna hiyo: Julai 2022, nchi ikikatiwa umeme kwa zamu, Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kwamba kampuni ya umeme ya Eskom inawatafuta tena mameneja na wahandisi waliokwisha kuondoka.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kuliko taa. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, ambako mtambo wa kwanza umefanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili tangu 1989. Umeme huohuo ndio unaosukuma maji ya Regideso, kampuni ya maji. Watafiti waliofuatilia Uvira kuanzia 2009 hadi 2014 waliona kwamba bomba likikauka, siku zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka. Walikadiria kwamba zaidi ya wagonjwa 20 katika kila 100 walitokana na kukatika kwa maji. Kwa hiyo saa ambazo fundi asiyejua njia anazipoteza akitafuta kebo iliyoungua, mama wa mtaa wa Kalundu anazipitisha akichota maji ziwani.

Nenda kwake nyumbani jioni, pamoja na mke wako, na msiende mikono mitupu. Samaki wachache wa mikeke wanatosha. Usianze na kabine. Anza na haki yake. Mwambie utamsaidia kuandika barua ya madai, nakala moja iende kwa sendika ya wafanyakazi, nyingine kwa Mkaguzi wa Kazi, maana Sheria ya Kazi ya 2002 inataka mgogoro wa namna hiyo upite kwake kwa upatanisho kabla ya kufika mahakamani.

Nawe usijisahau. Sheria hiyohiyo inasema kibarua wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Wewe una miaka sita! Kusanya karatasi zako za malipo na mashahidi wako, kisha mpeleke madai pamoja. Mzee akiona unapigania haki yake na yako kwa barua moja, mazungumzo yatabadilika.

Ndipo uombe, tena uombe kidogo: mambo yanayoua tu. Kabine zinazolishwa pande mbili. Mitaa ambako jenereta ya mtu inaweza kurudisha umeme kwenye laini mliyoizima. Mahali pa kufunga waya wa ardhi kabla ya mkono kugusa kitu. Hayo hakuna mzee atakayekunyima, kwa sababu anajua nani atapanda nguzo akishaondoka. Zipitieni sehemu hizo zote kwa miguu, wewe ukiandika, jina lake likiwa juu ya kila ukurasa. Andika daftari mbili, moja ibaki kwake. Siri zake nyingine, yaani njia za kebo na maungio, ni mali anayoweza kuiuza kwa mkataba wa kufundisha baada ya retreti. Msaidie kuudai huo pia.

Kuhusu Goma, mke wako hana kosa. Tangu sheria ya Juni 2014 iliporuhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, fundi ana milango mingi kuliko zamani. Lakini miezi hii mitatu haitarudi. Maliza daftari kwanza, kisha mkae wawili mpime.

Nanyi wakubwa wa kampuni za umeme mnaosoma ukurasa huu, wazee wa namna hii mnawajua kwa majina. Waiteni wiki hii, muwaonyeshe hesabu zao.