Ukurasa Ukifunguka Mtupu

Somo la mwezi huu halikuwa katika ratiba yetu. Limeletwa na mama mmoja wa ushirika wetu, aliyeingia katika ofisi ya kanisa Jumanne asubuhi akiwa na uso wa mtu anayetoka msibani. Hakukaa. Alisema tu, “Mchungaji, wametufuta.”

Mama huyu ana faili ya familia yake katika ofisi moja, na kila mwezi huja na kijana wake kuitazama kwenye kompyuta ya kanisa. Kwa kawaida huona majina yao, namba ya faili, na mstari mmoja unaosema kwamba faili bado inashughulikiwa. Jumamosi walipofungua hawakuona majina wala mstari. Karatasi nyeupe tupu, maneno machache ya bluu yamerundikana kando, na kisanduku kisicho na kitufe. Walikwenda kwa mtu mmoja mwenye kompyuta sokoni, naye akawaambia faili imefungwa na kwamba yeye anaweza kuifungua kwa malipo. Mama alikuwa amekwisha kuuza debe la mahindi.

Tulimwambia, “Mama, keti kwanza, tuone pamoja.” Faili haikuwa imefungwa na mtu yeyote. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inausoma ukurasa kwa namna ya zamani. Na tukiri hapa mbele yenu: namna hiyo sisi wenyewe ndio tuliowafundisha vijana, tukasahau kuwafundisha kuizima.

Basi tuanze mwanzo. Programu inayotufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Chrome, Firefox, Edge na Opera vyote ni vivinjari. Ukurasa hauji kwetu kama picha iliyokwisha kupigwa. Unakuja kama barua ya maagizo: andika hili kwa herufi kubwa, weka kitufe hapa, weka majina kule. Kivinjari husoma maagizo hayo na kuchora. Vivinjari viwili vikiyaelewa maagizo kwa namna mbili, watu wawili wataona kurasa mbili, ingawa barua ni ile ile.

Sisi tuliokuja kutoka sehemu mbalimbali tunalijua jambo hili vizuri. Ndugu wa Lubumbashi akisema yuko lupango, ana maana yuko uani kwake, labda anakunywa chai. Jirani Mtanzania akisikia neno hilo anakimbia kutafuta dhamana, maana kwake lupango ni mahabusu. Wote wanasema Kiswahili na hakuna aliyekosea.

Miaka ya 1990 makampuni yaliyotengeneza vivinjari yalishindana, na kila moja likaongeza maagizo ya namna yake. Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Internet Explorer namba 6, ambayo ilitumika miaka mingi sana, na ofisi nyingi na vyuo vingi vikajenga kurasa zao kwa kuifuata hiyo tu. Zilipokuja namba 7 mwaka 2006 na namba 8 mwaka 2009, zenye kusoma maagizo kwa usahihi zaidi, kurasa nyingi za zamani zilivurugika. Ndipo namba 8 ikawekewa kitufe chenye picha ya karatasi iliyopasuka. Ukikibonyeza, kivinjari kipya kinasoma kama kile cha zamani, na ukurasa unakaa sawa.

Internet Explorer yenyewe iliacha kuhudumiwa katika kompyuta nyingi za Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Lakini kurasa za zamani bado zipo, kwa hiyo Microsoft iliweka namna ile ya zamani ndani ya Edge, na imeahidi kuitunza angalau hadi mwaka 2029. Tuliihitaji mwaka jana kwa sababu vijana wetu wawili walikuwa wanafanya mtihani wa chuo ambacho ukurasa wake ni wa zamani kweli. Bila namna hiyo kitufe cha kutuma majibu hakikuonekana kabisa, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Katika Edge bonyeza nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, ingia palipoandikwa Settings, kisha Default browser. Hapo pana mstari unaotaja Internet Explorer mode. Chagua Allow, kisha funga kivinjari na ukifungue tena. Rudi kwenye mstari ule ule, uiongeze anwani ya ukurasa wako katika orodha iliyopo hapo, kisha uufungue ukurasa upya. Alama ndogo ya e itatokea kushoto kwa anwani ya ukurasa.

Alama hiyo ndiyo tuliyoiona Jumanne juu ya ukurasa wa mama. Kijana wake aliona ukurasa unachelewa kufunguka, akakumbuka mafundisho yetu, akauweka katika namna ya zamani, na akakubali ukumbukwe kwa mara zijazo. Edge hukumbuka ukurasa kama huo kwa siku 30. Ukurasa wa ofisi ile ni mpya, na ukisomwa kizamani unavunjika. Tulitoka katika namna ya zamani, kisha tukaurudia mstari ule ule katika Settings tukaifuta anwani yake kwenye orodha. Majina yakarudi, yote saba. Mstari nao ukarudi, ukisema kile kile cha mwezi uliopita.

Kwa hiyo, ndugu, namna ya zamani iwe dawa ya mwisho, na kwa ukurasa unaoujua tu, kwa sababu ulinzi wake ni dhaifu kuliko wa kivinjari kipya. Kabla ya kuifikia, shikilia Ctrl na ubonyeze F5 ili ukurasa uletwe upya kutoka kwa wenyewe. Shikilia Ctrl na ubonyeze sifuri, maana mara nyingi mtoto amekuza maandishi na kitufe kimesukumwa nje ya kioo. Halafu fungua ukurasa huo huo katika kivinjari kingine. Ukifunguka vizuri huko, shida ni ya kivinjari cha kwanza. Usimlipe mtu.

Wengi wetu tunatumia simu. Opera Mini inapendwa kwa sababu inapunguza bando, lakini inapokuwa katika hali ya kubana sana hupitisha ukurasa kwenye mitambo yake na kuukata kata kabla ya kukuletea, na fomu ndefu huweza kupoteza vitufe njiani. Kusoma habari inafaa. Kwa fomu ya shule au ya ofisi fungua kwa Chrome, na kama bado imebanwa, bonyeza nukta tatu uchague Desktop site, ulaze simu.

Jambo jingine linaisumbua kompyuta yetu hasa, kwa kuwa sola ikiisha usiku inazimika kabisa. Ndani yake mna betri ndogo ya duara inayotunza saa. Betri hiyo ikifa, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kurasa zinakataa kufunguka au zinatoa onyo kwamba si salama. Usibonyeze kuendelea. Tazama tarehe chini kulia, irekebishe, ufungue tena. Ya kwetu tuliibadilisha betri baada ya kuhangaika wiki nzima tukilaumu mtandao.

Mama alirudi sokoni siku hiyo hiyo. Fedha alikuwa bado hajazitoa, na mahindi aliyaacha yaende.

Kompyuta ya kanisa huwashwa Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, jua likiwa zuri. Njoo na namba ya faili yako imeandikwa vizuri kwenye karatasi. Neno la siri utaliandika mwenyewe, sisi tutageuka pembeni.