Kuosha Tangi: Javeli na Asidi Visikutane



Kiangazi kikifika hapa Baraka, maji ya tangi yanapunguka, na sisi wakubwa wa darasa la mwisho tunatumwa kuliosha. Safari iliyopita tulikuta madoa mekundu ya kutu ya mabati. Mwenzetu akaleta chupa ya asidi: «Tumwage hii, halafu javeli, litang'aa!» Mwalimu akamkamata mkono.

Sababu ni hii. Asidi ikikutana na javeli, inatoka hewa yenye sumu, klorini. Ndiyo iliyotumiwa vitani karibu na Ieper, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa ya kawaida, basi inalala chini ya tangi, pale pale mwoshaji anaposimama.

Tena asidi inakula simenti. Na doa la kutu halileti kolera. Kolera inaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho kinauawa na javeli.

Basi tufanye hivi:

1. Tutoe maji yote, tufungue mfuniko, hewa ipite.
2. Anayeingia afungwe kamba, wawili wabaki juu. Akianguka, wamvute, wasimfuate ndani.
3. Tusugue kwa burashi, mchanga na maji.
4. Aliye ndani atoke. Javeli iliyochanganywa na maji tu imwagiwe kuta kutoka juu. Tungoje nusu saa, tusuuze vizuri.

Heri tangi lenye doa na wote tuko darasani, kuliko tangi linalong'aa na kiti kimoja kitupu.