Maumivu ya Mwili Baada ya Kazi Nzito: Ipi Dawa, Ipi Desturi Tu?

Mvua za kwanza zikinyesha na majembe yakitolewa stoo, haipiti wiki kabla watu hawajaanza kuja zahanati na malalamiko ya aina moja. Hawana jeraha, hawana homa. Mgongo, mapaja, mabega na mikono vinauma kana kwamba wamepigwa. Mwingine hawezi hata kuchuchumaa. Vijana wa timu ya mpira huwa vivyo hivyo wiki ya kwanza ya mazoezi, na wale waliokwenda kubeba tofali za ujenzi wa darasa pia.

Kila mmoja wao amekwisha kushauriwa na jirani. Achuliwe. Akandwe kwa maji ya moto. Aingie mtoni, maji baridi yatoe uchovu. Anyooshe viungo. Anywe glukosi. Achomwe sindano. Ndugu msomaji, katika somo la leo tutazitazama dawa hizo, tuone ipi inasaidia, ipi haina faida, na ipi inaweza kukuletea ugonjwa ambao hukuwa nao.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Walimu wengi wa michezo husema kwamba kuna asidi iliyobaki ndani ya misuli, yaani asidi ya laktiki, na kwamba ni lazima itolewe. Maelezo hayo si sahihi. Asidi hiyo hutengenezwa kweli wakati wa kazi ngumu, lakini mwili huiondoa katika muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu tunayoyazungumzia huja kesho yake. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu mahali tambarare, na safari nyingine wakawakimbiza kwenye mteremko. Kwenye tambarare asidi iliongezeka katika damu, lakini hapakuwa na maumivu siku zilizofuata. Kwenye mteremko asidi haikuongezeka, na watu wakaumwa mapaja.

Wakazi wa milima ya Uluguru na Usambara hawahitaji mtafiti awaambie hayo. Kupanda hukumaliza pumzi, lakini kushuka na mzigo ndiko kunakokuuma kesho yake. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili usianguke, nayo huku inakaza huku inavutwa. Misuli ya mgongo hufanya hivyo pia tunapoinama na jembe. Katika kuvutwa huko nyuzi ndogo ndogo za ndani huharibika kidogo. Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika mwaka 1902 kwamba huenda maumivu ya kesho yake yanatokana na michaniko midogo ndani ya msuli. Mwaka 1981 watafiti wa Sweden walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu walioteremka ngazi nyingi, wakavitazama kwa hadubini, wakaona kweli mpangilio wa nyuzi umevurugika.

Basi mwili huanza kufanya matengenezo. Sehemu ile huvimba kidogo ndani kwa ndani, na mishipa ya fahamu huwa myepesi kuhisi. Ndiyo sababu maumivu hayaji papo hapo. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu, na huisha yenyewe kati ya siku ya 5 na ya 7.

Tafadhali ishike sana kalenda hiyo, kwa sababu ndiyo inayotudanganya. Mtu huvumilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu anashindwa, anatafuta dawa. Siku ya nne anaona nafuu, anaisifu dawa kijiji kizima. Lakini siku ya nne angepata nafuu hata kama angekunywa uji tu. Sifa nyingi za dawa za uchovu zimepatikana kwa njia hiyo.

KUCHUA, MOTO NA BARIDI

Kuchua kunasaidia. Hili nalisema kwa furaha, maana ni ujuzi wa mama na bibi zetu, na haugharimu kitu. Watafiti wa Ufaransa walikusanya majaribio 99 ya njia mbalimbali na kutangaza matokeo yake mwaka 2018. Kati ya njia zote hizo, kuchua ndiko kulikopunguza maumivu na uchovu zaidi. Hata hivyo hakuponyi nyuzi zilizoharibika, bali hutuliza tu. Tumia mafuta yoyote safi, ya nazi au ya alizeti, na uchue polepole kwa dakika 10 au 20. Wako wachuaji wanaoamini kwamba mgonjwa asipolia kazi haijafanyika. Hao wanaongeza majeraha juu ya majeraha.

Zile dawa za kuchua za dukani zenye harufu kali huchangamsha ngozi tu, na joto au ubaridi wake hukusahaulisha maumivu kwa muda. Si mbaya, ila zisipakwe kwenye kidonda, na ziwekwe mbali na watoto, kwani mtoto akimeza hata kidogo huweza kudhurika vibaya.

Kuna mahali ambapo hapachuliwi kabisa. Ikiwa maumivu yalianza ghafla wakati wa kazi, na kiungo kikavimba, huo ni mteguko, au msuli umechanika, au mfupa umevunjika. Usikichue wala usikikande kwa moto. Kipumzishe, kiinue, weka kitambaa cha maji baridi, uje zahanati. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu bila sababu, usichuliwe, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kukanda kwa maji ya moto hulegeza ugumu kwa saa chache, na kama unaweza kupata usingizi kwa ajili hiyo, kanda. Mwenye kisukari ambaye miguu yake haihisi vizuri amwombe mwingine apime joto la maji kwanza. Nimeona malengelenge yaliyoletwa na maji ambayo mwenyewe alidhani ni vuguvugu.

Maji baridi yana maelezo marefu zaidi. Wachezaji wa nchi tajiri huingia katika mapipa ya maji yenye barafu, na vijana wetu wamewaona kwenye televisheni. Uchunguzi wa majaribio 17, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba watu walioingia maji hayo waliumwa kidogo kuliko wale waliopumzika tu. Lakini maji yenyewe mara nyingi yalikuwa ya nyuzi joto 10 hadi 15 za sentigredi. Mito ya tambarare na ziwa letu la Viktoria si baridi kiasi hicho, na kando ya maji yaliyotulia wanaishi konokono wa kichocho. Kukaa nusu saa majini ili kupunguza maumivu ambayo yangeisha yenyewe, kisha ukatoka na kichocho, hiyo ni biashara ya hasara. Tena mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kwamba wanaojijenga misuli, wakiingia maji baridi kila baada ya mazoezi, misuli yao hukua kidogo kuliko ya wenzao. Ukitaka baridi, chota maji ya mtungi uoge nyumbani.

KUNYOOSHA VIUNGO NA VINYWAJI

Kunyoosha viungo kabla au baada ya kazi kunasifiwa sana. Majaribio 12 yalikusanywa na kutolewa pamoja mwaka 2011. Maumivu yakipimwa kwa alama 100, kunyoosha viungo baada ya mazoezi kulipunguza kama alama moja tu siku iliyofuata. Ukipenda kujinyoosha, jinyooshe, lakini usitegemee hilo. Kutembea na kufanya kazi nyepesi siku ya pili kunaleta nafuu kuliko kulala kutwa, ingawa nafuu hiyo huondoka ukishatulia.

Glukosi na soda hurudisha sukari kwa mtu mwenye njaa, lakini haziondoi maumivu ya misuli. Kunywa maji ya kutosha, na ule maharage, dagaa, mayai au maziwa, kwa sababu mwili unahitaji chakula cha kujenga. Pombe hupoteza maji ya mwili na usingizi mzuri.

VIDONGE, SINDANO NA NYEMBE

Hapa ndipo penye hatari, nami naomba tusome polepole.

Kama maumivu yanakunyima usingizi, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, na asirudie kabla ya saa 6. Kwa saa 24 visizidi vidonge 8. Angalia pia kama dawa nyingine uliyonunua ina parasetamoli ndani yake, kwa maana ukizidisha unaharibu ini.

Daiklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni dawa za kundi jingine. Zinapunguza maumivu, lakini huchubua tumbo mpaka likatoka damu, na hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Sasa mfikirie mkulima aliyelima juani kutwa. Maji ya mwili yamepungua, hajala, anapitia dukani na kumeza daiklofenaki tumbo tupu ili kesho arudi shambani. Amezipa figo zake mzigo wakati mbaya kabisa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mama mjamzito, wasizitumie bila kuandikiwa na mganga. Na kumeza dawa kabla ya kazi ili usiyasikie maumivu hakuzuii nyuzi kuharibika.

Wengi huona kuwa sindano ina nguvu kuliko kidonge. Kwa maumivu haya si hivyo. Dawa iliyomo mara nyingi ni ile ile ya kidonge, tena sindano ikichomwa mahali pasipofaa kwenye tako huweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni, mtu akabaki anaburuta mguu. Chale na kuumikwa kwa pembe havijengi msuli. Wembe uliotumiwa na watu wawili unaweza kupeleka Ukimwi na homa ya ini, na wembe mchafu huweza kuleta pepopunda.

MAUMIVU AMBAYO SI YA KAZI

Msimu wa kulima ndio msimu wa mvua, na msimu wa mvua ndio msimu wa mbu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Ni jembe tu," kumbe ni malaria. Maumivu ya kazi hukaa katika misuli iliyofanya kazi, huuma ukiibonyeza au ukisogea, na hayana homa. Malaria huleta homa, kutetemeka, kuumwa kichwa, pengine kutapika, na mwili huuma hata mahali ambapo hapakufanya kazi. Vyote viwili huweza kumpata mtu mmoja siku moja. Usikisie. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu na dakika 15 au 20. Wako pia wanaofanya kinyume, mwili ukiuma tu wananunua dawa mseto ya malaria bila kupima, nao wamepoteza fedha. Kwa mtoto mdogo mwenye homa usingoje kesho. Malaria kali huweza kuua ndani ya saa 24.

Jambo jingine ni rangi ya mkojo. Baada ya kazi ya kupita kiasi, hasa juani, misuli huweza kuharibika sana hata ikamwaga vitu vyake katika damu, navyo vikaziba figo. Mkojo hugeuka kuwa kama chai ya rangi iliyokolea au kahawa, misuli inavimba na kulegea. Huko kwenye kichocho watu wamezoea kuona mkojo mwekundu na hawashtuki. Shtuka. Kunywa maji ukiwa njiani, uende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, na usimeze daiklofenaki. Na mzee anayebanwa kifua au kuumwa mkono wa kushoto huku akihema na kutokwa jasho, asipelekwe kwa mchuaji.

KINGA

Kinga ipo, na inashinda dawa zote tulizotaja. Msuli uliokwisha kuumia mara moja kwa kazi fulani hauumii hivyo tena kwa kazi ile ile kwa wiki nyingi. Hata kazi kidogo tu ya kuuzoesha hutoa ulinzi huo. Basi anza kabla ya mvua. Wiki mbili kabla, chukua jembe kila baada ya siku moja: nusu saa kwanza, kisha saa moja, kisha mbili. Siku za kwanza za kulima usishindane na jirani kwa idadi ya matuta. Badilisha kazi: lima kidogo, beba mbegu, kisha urudi kwenye jembe. Mpini mrefu unaopunguza kuinama nao ni msaada. Kwa timu ya mpira, makocha wasiwapandishe na kuwateremsha vijana mlimani siku ya kwanza baada ya likizo.

KAZI YA DARASA

Jaribio hili lifanywe na watu wazima wenye afya njema. Baada ya siku ya kwanza ya kulima, kila mwanafunzi arushe sarafu: kichwa ni paja la kulia, upande wa pili ni la kushoto. Paja lililochaguliwa lichuliwe dakika 10 jioni kwa siku tatu, lile jingine lisiguswe. Kila asubuhi, kwa siku saba, kila mmoja ataje maumivu ya kila paja kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na mwalimu aandike ubaoni. Mwishoni jumlisheni na mlinganishe mapaja yaliyochuliwa na yasiyochuliwa, kisha mtazame siku gani namba zilianza kushuka kwa mapaja yote. Atakayepata homa katikati ya jaribio asiendelee kutaja namba. Aje apimwe.