Vuka Songwe, Ulale Huko: Vidokezo vya Likizo ya Ng'ambo kwa Watu wa Busale

Sisi watu wa Kyela tunavuka mto Songwe kwenda Malawi mara nyingi, lakini tunavuka na mizigo. Tunauza, tunanunua, tunarudi mpakani Kasumulu jua halijazama. Mtu anaweza kuvuka hivyo miaka kumi asijue kwamba alikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwenye mifupa ya dinosaria, fukwe za mchanga safi na maporomoko ya maji yaliyowahi kuficha watu waliokimbia kukamatwa utumwani. Wakati huohuo wageni wa Ulaya wanapanda ndege kutwa nzima kuja kuogelea ziwa hilihili la kwetu. Ukitoka Busale asubuhi, mchana unaweza kuwa mezani Karonga. Safari hii nakushauri uende bila bidhaa, ukae siku kadhaa, utembee.

1. Ngoja mvua ziishe

Mvua za Kyela unazijua. Machi hadi Mei mito inafurika, na upande wa pili hali ni ileile, barabara za milimani zikigeuka utelezi. Juni hadi Agosti ni kukavu na jioni zina ubaridi mzuri, lakini ndio msimu wa mwera, upepo wa kusini unaosukuma mawimbi makubwa hadi huku kaskazini. Ukipata nafasi, nenda Septemba au Oktoba. Kuna joto, ndiyo, ila maji yanatulia na kuwa meupe, samaki unawaona hadi chini. Kama malipo ya kakao yameingia na shamba halikuiti, usitafute sababu nyingine.

2. Karatasi kwanza, mkoba baadaye

Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Malawi, lakini hati ya kusafiria lazima. Kama huna pasipoti, uliza ofisi ya uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana afisa anaweza kuiuliza. Gonga muhuri wa kutoka Kasumulu na wa kuingia upande wa Songwe, yote miwili, hata kama kijana wa baiskeli anakwambia kuna njia fupi mtoni. Kwenda sokoni kwa saa mbili ni jambo moja. Kulala kilomita mia mbili ndani ya nchi ya watu bila muhuri ni jambo jingine kabisa, na vizuizi vya polisi viko barabarani.

Tazama pia unachobeba. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mchele, ndizi, unga na mazao mengine kutoka kwetu, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao, kisha zuio la upande wetu likaondolewa baada ya siku chache. Kwa hiyo kabla hujafunga gunia la mchele kama zawadi ya mwenyeji wako, uliza mpakani wiki ileile unayosafiri.

3. Rudisha saa nyuma, na usibadili fedha zote

Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Jambo dogo, lakini ndilo linalowachanganya wengi siku ya kurudi: saa kumi na moja jioni yao ni saa kumi na mbili yetu, na dirisha la uhamiaji la upande wetu huenda limeshafungwa. Tena wao hutaja saa kama inavyoonekana kwenye uso wa saa. Ukiambiwa basi linaondoka saa saba asubuhi, usicheke: ndiyo saa moja kwa namna yetu ya kuhesabu, ingawa nyumbani itakuwa saa mbili.

Fedha yao ni kwacha, na imekuwa ikishuka thamani. Novemba 2023 benki kuu yao iliishusha kwa asilimia 44 kwa siku moja. Badili ya siku mbili tatu tu, iliyobaki iache kwenye shilingi au dola. Vijana wa kubadili fedha pale mpakani wana vidole vyepesi, hesabu noti moja moja wewe mwenyewe ukiwa umetulia, na kama kuna benki au duka lenye leseni, pitia hapo. Huko watu hulipana kwa simu, kupitia Airtel Money na Mpamba. Laini yako ya Kyela usiitegemee.

4. Lala Karonga, usipite tu

Kutoka mpakani hadi Karonga hazifiki kilomita 50, na kwa sababu hiyo wengi wanaupita mji huu wakikimbilia Mzuzu. Mimi ningeanza hapa. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu, salamu ya nyumbani inaeleweka, na Kiswahili utakisikia sokoni. Huwezi kupata nchi ya nje inayokupokea kwa upole zaidi ya hii.

Nenda kwenye jumba la makumbusho la mji, lililofunguliwa mwaka 2004. Katikati ya ukumbi kuna mfano wa Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa katika wilaya hiyo. Kuna pia habari za taya la mtu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Sisi Watanzania tumezoea kwamba mambo hayo ni ya Olduvai peke yake. Kumbe bonde letu la ufa limeendelea kuweka kumbukumbu hadi huku, hatua chache kutoka kwenye mashamba yetu ya mpunga.

Ukiwa hapo uliza habari za Mlozi. Mlozi bin Kazbadema alikuwa mfanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wa pembe na watumwa. Katika miaka ya 1880 alijijengea ngome karibu na Karonga, akawashambulia Wangonde na kuwaua wengi, kisha akapigana na kampuni ya Waskoti iliyokuwa na kituo hapo. Mwaka 1895 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza wa eneo hilo, aliivunja ngome yake, na Mlozi akanyongwa. Ni historia inayouma, na inatuhusu sisi wasemaji wa lugha hii moja kwa moja. Waambie watoto wako ukweli wake wote. Mwaka 1914 mji huohuo ulipiganiwa tena, safari hii Wajerumani wakitokea upande wetu na kurudishwa na Waingereza.

Ndani ya mji panda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Mtu wa Kyela haelekezwi namna ya kukaa juu yake.

5. Chitimba chini, Livingstonia juu

Kama una siku nne tu, hiki ndicho kidokezo cha kushika.

Shuka Chitimba, karibu kilomita 100 kusini mwa Karonga. Ufukwe ni mpana, mchanga ni laini, kambi za kulala zipo za mifuko mbalimbali, na nyuma yako mlima umesimama wima. Juu ya mlima huo ndiko Livingstonia. Wamisionari wa Kiskoti walianza kituo chao kusini mwa ziwa mwaka 1875, wakahamia Bandawe, na kote huko malaria iliwamaliza. Mwaka 1894 kiongozi wao, Robert Laws, akawapandisha hapa Khondowe, kwenye hewa baridi, na akakaa mpaka 1927. Nyumba yake ya mawe bado ipo. Sehemu yake ni makumbusho, na unaweza kulala humo. Kanisani tazama dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya Livingstone akiwa na wenzake wawili, ziwa likiwa nyuma yao.

Barabara ya kupanda ni ya vumbi na mawe, ina kona kali zipatazo ishirini. Gari dogo usilitese. Watu hupanda kwa matola, yaani pikapu za kulipia, au kwa miguu, kazi ya nusu siku. Mwenye magoti mazuri apande kwa miguu alfajiri akiwa na mwongozaji wa kijijini aliyekubaliana naye bei mapema. Kila kona ziwa linazidi kupanuka, na siku isiyo na ukungu milima ya Livingstone, ile tunayoiona nyuma ya Matema, unaitazama kutoka upande wa pili. Kwa mtu wa Kyela, kuiona milima ya kwenu ukiwa nchi nyingine kunatosha kuwa sababu ya safari nzima.

Karibu na mji kuna maporomoko ya Manchewe, yenye kimo cha mita zaidi ya mia moja. Nyuma ya pazia la maji kuna pango, na wenyeji husimulia kwamba wazee wao walijificha humo wakati wa wawinda watumwa. Baada ya habari za Mlozi kule Karonga, pango hilo halitakuwa pango tu machoni pako. Beba sweta. Usiku wa huko hauna urafiki na fulana ya Kyela.

6. Ogelea kwa akili

Ziwa hili lina kina cha takriban mita 700 na samaki wa aina nyingi mno, wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani. Ila lina kichocho pia. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na vijiji na midomo ya mito. Chagua ufuo wa mchanga au mawe wenye mawimbi, mbali na matete, na usikae majini kutwa. Midomo ya mito ina mamba pia. Waulize wavuvi wa pale pale, si mhudumu wa baa. Mwera ukivuma, watoto wabaki mchangani.

7. Kula wanachokula wao

Agiza nsima, ugali wao mlaini, na samaki. Usipa unawajua, wako pande zote mbili. Chambo ni jamii ya perege, nyama yake tamu mno akichomwa mzima kwa chumvi na limau. Kampango ni jamii ya kambale, mnono, mzuri wa mchuzi. Mpasa ndiye mbasa wetu, na ukimkuta menyuni usisite, kwani wamepungua. Njia ya kumfahamu mpishi ni kufika mapema: saa tano uliza samaki gani ameingia asubuhi, saa saba urudi kula. Hoteli zenye menyu ndefu ya chipsi na kuku ziache kwa wasafiri wenye haraka.

Upande wa kaskazini kuna kondowole, ugali wa muhogo unaovutika. Onja. Wengine hawaupendi siku ya kwanza, siku ya pili wanauuliza. Thobwa ni togwa, baridi yake mchana wa joto haina mfano. Mandasi ni mandazi, ya kula na chai kituoni.

Na wali? Mtu wa Kyela ana haki ya kujivuna, lakini awe mpole: Karonga wanalima mpunga unaonukia, na aina yao maarufu inaitwa Kilombero, jina la kwetu. Agiza sahani moja na samaki, ulinganishe kwa haki. Hukumu yangu ni kwamba wa Kyela bado unaongoza, ila si kwa mbali.

8. Ukiwa na wiki nzima, endelea hadi Nkhata Bay

Ni mji wa bandari uliokaa kwenye miteremko ya kijani, kama kilomita 50 kutoka Mzuzu. Ufukwe wa Chikale uko karibu na mji. Vaa miwani ya kuogelea, utazame mbuna, wale samaki wadogo wa rangi za bluu na manjano wanaokaa kwenye miamba. Bandarini huondoka vyombo vya kwenda kisiwa cha Likoma, ambako kuna kanisa kuu la Mtakatifu Petro lililoanza kujengwa mwaka 1903. Lilijengwa na misheni ileile ya Kianglikana iliyojenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar. Ratiba za meli hubadilika, kwa hiyo usiende Likoma ukiwa na siku moja tu ya akiba. Mafuta ya magari nayo huadimika Malawi mara kwa mara, na nauli hupanda ghafla. Siku ya ziada na fedha kidogo pembeni vitakuokoa.

Nkhata Bay watu watakunong'oneza kuhusu bangi. Kataa, endelea na safari yako.

9. Salamu, na jina la ziwa

Karonga, "ugonile" na "ndaga" vinakutosha. Ukishuka kusini, Watumbuka waambie "muli uli?", na shukrani ni "yewo". Kuhusu jina, huko ni Ziwa Malawi, na mpaka wa majini nchi zetu hazijakubaliana hadi leo. Wewe ni mgeni, ubishi huo si wa mezani.

10. Wakati wa kurudi

Kahawa ya Mzuzu nunua, ni nzuri na haichukui nafasi. Mifuko ya plastiki iache, imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019. Kama ulikwenda na chungu cha Wakisi wa Ikombe kama zawadi, ulichokinunua gulioni Lyulilo, utakuwa umeshaacha jina jema, kwani vyungu hivyo vinathaminiwa pwani zote za ziwa hili.

Kisha, wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, pita zahanati upime kichocho, hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ni vidonge, hupewa kwa kipimo cha uzito wako. Watoto uliokwenda nao wapelekwe siku hiyohiyo.