Elimu ya Mwanzo wa Ulimwengu

Ndugu waalimu, msiwakemee vijana wa Kilolo waulizao kama elimu ya mwanzo wa ulimwengu yapinga Mwanzo 1. Mwaka 1931 Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mjuzi wa hesabu, alisema ya kwamba vitu vyote vilitoka katika chembe moja iliyopasuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliitumia elimu hii kuuthibitisha uumbaji. Lemaître mwenyewe hakupendezwa, nami naona alifanya vema. Maana leo wataalamu wameiacha chembe ile: wafundisha ya kuwa miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulikuwa wa moto mno, umesongamana, na katika dakika chache za kwanza vikafanyika viini vya heliamu. Aliyeihubiri chembe ile kama neno la imani atajibu nini? Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, kina taasisi ya elimu hii tangu 2018. Kijana wetu akienda huko, mwombeeni.