Darubini Dukani: Pima Kioo, Usiamini Maandishi

Darubini nyingi za bei nafuu zinazofika Butembo kupitia mpaka wa Kasindi zina maandishi makubwa ubavuni: 60x60, usiku na mchana. Usibabaike. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua rula upime. Gawa upana huo kwa ukuzaji, upate upana wa mwali unaofika jichoni: 8x42 inatoa milimita 5 na kidogo, 10x25 inatoa 2.5. Mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, ya mzee mara nyingi haifiki 5. Hiyo 60x60, hata ingekuwa ya kweli, ingetoa milimita 1. Usiku gani huo?

Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha takriban 4% ya mwanga. Ndani ya bomba moja mwanga hupita nyuso kumi na zaidi. Zikiwa 12, karibu 39% imeshapotelea njiani. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alibuni utando mwembamba wa kupunguza hasara hiyo.

Wauzaji hushindania asilimia ya mwanga unaopita, ila jicho halitofautishi kirahisi 90 na 95. Kinachoharibu picha hasa ni ule mwanga uliorudishwa: unazurura ndani ya bomba, kisha unatanda juu ya picha kama maziwa. Jaribu mlangoni mwa duka. Tazama kivuli chini ya upenu wa nyumba ya mkabala, anga jeupe likiwa juu yake, lakini jua lenyewe usilielekee kamwe, litakupofusha. Kivuli kikibaki cheusi na misumari ya bati ikahesabika, endelea kupatana bei. Kikigeuka kijivu, irudishe. Angalia pia taa inavyojiakisi kwenye kioo cha mbele: kijani au zambarau iliyofifia ni dalili ya utando, nyeupe kali ni kioo kitupu. Vioo vyekundu vinavyong'aa ni urembo tu. Huitupa nje rangi nyekundu na kuiacha picha na ukijani.

Ushauri wa Ulaya wa kununua darubini nzito zenye kioo kipana kwa ajili ya mwanga hafifu wa jioni hautufai sana. Huku kwenye ikweta jua likizama, baada ya dakika 20 hivi giza limeingia. Anayetazama viboko Ishango inamtosha 8x32.

Vumbi la barabara ya Beni lina mchanga: lipeperushe kwa brashi laini kwanza, usifute kwa pindo la shati. Dhidi ya kuvu, ihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na kwenye bariere iache ndani ya begi. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mtu anayechungulia kambi kwa darubini atahojiwa, hata akiwa anafuata ndege.